Paka Kijana Anayumba, Paka Mzee Anakonda: Kutafuta Chanzo cha Vitamini Zilizopungua au Zilizozidi Katika Damu

Mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, paka wengi hufugwa ili walinde ghala la unga, duka la Nyawera au kibanda cha soko la Kadutu dhidi ya panya, na malipo yao huwa ni fufu (ugali) iliyobaki, mchuzi kidogo na vichwa vya sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Paka wa namna hiyo akianza kulegea, mwenyewe huenda famasia na kununua shurupu ya vitamini ya watoto. Mwongozo huu umeandikwa ili shurupu hiyo iwe hatua ya mwisho, au isiwepo kabisa, kwa sababu upungufu wa vitamini katika damu ya paka karibu kila mara una chanzo kinachoweza kutafutwa na kuonekana. Kwa paka kijana, chanzo hicho mara nyingi kiko kwenye sahani. Kwa paka aliyepita miaka 10, ambaye ndiye madaktari humhesabu kuwa mzee, mara nyingi kiko kwenye utumbo, kongosho, figo au tezi ya shingoni. Anayesema "ni uzee tu" bado hajatambua ugonjwa wowote.

Kuanza na sahani kabla ya sindano

Paka ni mla nyama kwa maumbile, na mwili wake umeacha kutengeneza vitu ambavyo nyama humpa tayari. Karoti, lengalenga na mafuta mekundu ya mawese yana karotini nyingi, ambayo mwili wa binadamu huigeuza kuwa vitamini A. Paka hawezi kuigeuza kwa kiasi cha maana, hivyo ni lazima aipate vitamini A iliyokwisha kukamilika, kutoka kwenye ini, mayai, maziwa au samaki. Jua la Kivu linalosaidia mifupa ya watoto halimsaidii yeye, kwa kuwa ngozi yake haitengenezi vitamini D ya kutosha, na kumlaza uani asubuhi hakubadilishi chochote katika damu yake. Niasini, yaani vitamini B3, nayo hawezi kuijenga kwa kiasi kinachotosha kutokana na protini, kama wanyama wengine wanavyofanya. Taurini, kirutubisho ambacho paka hukipata kwenye nyama, si vitamini, lakini huhesabiwa hapa kwa sababu ukosefu wake huleta dalili zinazochanganywa na za vitamini. Vitamini C ndiyo asiyoihitaji kutoka nje, kwa kuwa ini lake huitengeneza lenyewe, na kumkamulia limau ni kumsumbua bure.

Kwa hiyo swali la kwanza, kabla ya kumgusa mnyama, ni kwamba amekula nini katika wiki nne hadi sita zilizopita. Uliza ni samaki wa namna gani, mbichi au aliyepikwa. Ini hutolewa mara ngapi. Je, kuna mtu mwingine nyumbani anayemlisha kimya kimya. Je, chakula kikavu cha kiwandani, yaani krokete, kilinunuliwa kikiwa kimefungwa au kilipimwa kwa kikombe kutoka kwenye mfuko uliokaa wazi. Swali hili la mwisho hudharauliwa bila sababu. Krokete za paka zinazofuata kanuni za Marekani hutakiwa kuwa na angalau miligramu 5.6 za thiamini, yaani vitamini B1, katika kila kilo ya chakula kikiwa kimeondolewa maji, lakini hesabu hiyo inahusu mfuko uliohifadhiwa vizuri. Hewa, joto na mwanga hupunguza thiamini pamoja na vitamini A na E. Krokete za mbwa ni tatizo jingine, kwa sababu zimetengenezwa kwa mnyama anayejitengenezea taurini na niasini, na paka anayezila miezi mfululizo anaweza kuonekana ameshiba huku akipungukiwa.

Shingo inainama na kidevu kinashuka kifuani

Kati ya dalili zote zilizomo humu, hii haiwezi kungoja hadi kesho. Paka anasimama lakini hawezi kukiinua kichwa, anayumba anapotembea, na anaporuka kwenye kiti anakikosa. Ukichunguza siku zilizotangulia, utakuta alikuwa amekataa chakula, akitokwa na mate au akitapika. Mambo mawili ndiyo ya kufikiriwa kwanza, nayo hutibiwa kwa njia tofauti kabisa: ukosefu wa thiamini na upungufu wa potasiamu katika damu.

Ukosefu wa thiamini humpata zaidi paka anayelishwa samaki wabichi. Samaki wengi, hasa katika jamii anamotoka sambaza, wana kimeng'enya kinachoitwa thiaminasi, ambacho huivunja vitamini hiyo kabla haijafyonzwa. Sambaza wa Ziwa Kivu, aliyeletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, amekuwa chakula cha kawaida cha bei nafuu mjini, na ni jambo la kawaida paka kutupiwa wabichi wakati mama wa nyumbani anapowachambua. Kupika huua thiaminasi, na kwa hiyo samaki aliyechemshwa au kukaangwa hadi ndani si hatari kwa upande huo. Kukausha juani hakutoi joto la kutosha kuhesabiwa kuwa kupika. Hata hivyo moto nao huharibu sehemu ya thiamini yenyewe, na sehemu nyingine hubaki katika maji yanayomwagwa, hivyo paka anayekula fufu ya muhogo pamoja na nyama iliyochemshwa muda mrefu bila mchuzi wake anaweza kufika mahali pale pale bila kuonja samaki hata mmoja. Nyama iliyohifadhiwa kwa salfaiti ili ibaki nyekundu huleta matokeo hayo hayo. Akiba ya thiamini mwilini ni ndogo, na wiki chache za mlo mbaya zinatosha kuimaliza.

Alama zinazoelekeza kwenye thiamini ni mboni za macho zilizopanuka ambazo hazisinyai vizuri mbele ya mwanga, kuyumba, na hatimaye degedege, hasa mnyama anapobebwa au kushtuliwa. Kipimo cha maabara hufanywa kwa damu nzima iliyozuiwa kuganda, wala si kwa seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, kwa sababu thiamini nyingi imo ndani ya chembe nyekundu. Lakini hakuna daktari mwenye busara anayengoja jibu hilo. Thiamini hutolewa kwa sindano siku hiyo hiyo, taratibu, na kwa siku zinazofuata, kwa kipimo anachokipanga daktari wa mifugo. Paka akianza kuinua kichwa ndani ya siku moja au mbili, tiba yenyewe imekuwa kipimo. Ikiwa degedege ilikwisha kudumu, baadhi ya dalili za ubongo zaweza kubaki hata baada ya damu kurudi katika hali yake.

Upungufu wa potasiamu hufanana na huo kwa mbali, ila historia yake ni nyingine. Huyu ni paka mzee, anayekunywa maji mengi na kukojoa sana, aliyekonda taratibu kwa miezi, na ambaye mboni zake hujibu mwanga bila taabu. Misuli ndiyo imelegea, wala si ubongo uliovurugika. Figo zilizochoka humwaga potasiamu kwenye mkojo, na pamoja nayo vitamini za kundi B zinazoyeyuka majini, kwa hiyo matatizo yote mawili yanaweza kukaa ndani ya paka mmoja. Uzuri ni kwamba potasiamu, pamoja na urea na kreatinini zinazoonyesha hali ya figo, hupimwa katika maabara za hospitali za binadamu, na nambari zake husomeka mradi daktari azilinganishe na viwango vya paka. Kinachokatazwa ni kumpa potasiamu kwa kubahatisha, kwa kuwa figo zilizofunga kabisa hushindwa kuitoa, na ikizidi husimamisha moyo. Thiamini inaweza kutolewa wakati majibu yanangojwa, potasiamu haiwezi.

Paka mzee anakonda ingawa anakula

Hapa ndipo penye kazi kubwa zaidi, na ndipo watu wanapokosea zaidi kwa kuridhika mapema. Mpime kwanza. Panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, na uandike tofauti pamoja na tarehe kila baada ya wiki mbili. Paka aliyekuwa na kilo 4 akifika kilo 3.6 amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake, hata kama manyoya yanaficha mbavu.

Mpe dawa ya minyoo kabla ya kufikiria jambo lolote la gharama. Paka anayekula panya hawezi kuhesabiwa kuwa hana minyoo kwa sababu tu haionekani kwenye kinyesi. Kisha mfungue kinywa: jino lililooza au ufizi uliovimba humfanya paka aonekane anakula, kumbe anaangusha nusu ya chakula. Baada ya hapo papasa shingo, kuanzia chini ya taya hadi kifuani, pande zote mbili za koo. Uvimbe mdogo unaoteleza chini ya kidole, kwa paka mwenye njaa isiyoisha, asiyetulia, anayetapika mara kwa mara na ambaye moyo wake unadunda kwa kasi, unaelekeza kwenye tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi, ugonjwa ulio wa kawaida sana kwa paka waliopita miaka 10. Anayekunywa na kukojoa sana apimwe figo na sukari.

Ikiwa hayo yote hayajatoa jibu, au ikiwa kuna kuharisha, kutapika au kinyesi kingi chenye mafuta, basi vitamini B12, yaani kobalamini, ndiyo ya kupimwa, na foleti, yaani vitamini B9, pamoja nayo. Inafaa kueleza ni kwa nini vitamini hii moja ina uzito kuliko nyingine zote kwa paka mzee. Ili kobalamini ifyonzwe, ni lazima ishikwe na protini maalumu ambayo kwa paka hutengenezwa na kongosho peke yake, tofauti na binadamu ambaye kwake hutoka tumboni. Kisha mzigo huo husafiri hadi sehemu ya mwisho ya utumbo mdogo, ambako kuna milango ya kuupokea. Kongosho ikidhoofika, mbebaji hakosi kupungua. Utumbo wa mwisho ukivimba au ukipata limfoma, yaani saratani ya seli za kinga, milango hufungwa. Na tezi ya thairoidi ikizidi, B12 nayo hukutwa imeshuka kwa paka wengi. Nambari ya chini ya B12 huonyesha kwamba mojawapo ya sehemu hizo imeharibika, na mara chache tu huonyesha kwamba chakula hakikuwa nayo, kwa sababu paka anayekula nyama au samaki huipata katika kila mlo.

Kushuka kwenyewe ni kwa haraka. Kwa paka mwenye afya, nusu ya kobalamini iliyomo mwilini huondoka kwa takriban siku 13. Kwa paka wenye ugonjwa wa utumbo waliowahi kupimwa, muda huo ulikuwa siku 5 hivi. Ndiyo maana paka anayeonekana wa kawaida mwezi wa kwanza anaweza kuwa amekauka kabisa mwezi wa tatu.

Maabara ya tumbo ya Chuo Kikuu cha Texas A&M, ambayo viwango vyake hutumiwa na wengi, huhesabu kobalamini ya nanogramu 290 hadi takriban 1,500 katika lita moja ya seramu kuwa ya kawaida kwa paka, na foleti ya mikrogramu 9.7 hadi 21.6. Chini ya 290 hakuna mjadala, mpe tiba. Kati ya 290 na 400, ikiwa paka anakonda au anaharisha, mimi naona ni afadhali kutibu kuliko kubishana na nambari, kwa kuwa seli zinaweza kuwa zinakosa B12 huku damu ikionyesha kiasi kidogo kilichobaki. Foleti ya chini inaelekeza kwenye sehemu ya mwanzo ya utumbo mdogo. B12 ya chini huelekeza mwisho wake. Zote mbili zikiwa chini, utumbo wote umeguswa. Nambari ya B12 iliyo juu sana kwa paka ambaye hajapewa nyongeza yoyote isipokewe kwa furaha, kwani imeonekana kuandamana na magonjwa ya ini na uvimbe wa saratani.

Tiba inayotumika ni mikrogramu 250 za kobalamini chini ya ngozi, mara moja kwa wiki kwa wiki sita, kisha dozi moja baada ya mwezi, na damu ipimwe tena mwezi mmoja baada ya dozi hiyo. Ampuli nyingi za binadamu zina miligramu 1 katika mililita 1, hivyo dozi ni robo ya mililita, lakini ni lazima lebo isomwe, kwa sababu zipo zenye nguvu nyingine. Sindano za mchanganyiko wa vitamini B hazifai kuchukua nafasi yake: nyingi zina kobalamini kidogo mno, na huuma pale zinapoingia, jambo ambalo paka hasahau wiki inayofuata. Asiyekubali sindano anaweza kupewa kidonge cha mikrogramu 250 kila siku, na njia hiyo imethibitika kuinua kiwango cha damu hata kwa wenye ugonjwa wa utumbo.

Utaona hamu ya chakula ikirudi kabla ya uzito. Hata hivyo, B12 iliyorudishwa haiponyi kongosho wala limfoma. Kazi yake ni kuufanya utumbo uweze kujibu dawa nyingine, ambazo mara nyingi hushindwa kufanya kazi wakati B12 iko chini. Kama baada ya wiki sita paka bado anakonda, usirudie sindano sita nyingine. Rudi nyuma utafute ugonjwa.

Kuna kundi la paka wazee ambao hawana ugonjwa unaoonekana, na bado wanakonda. Kwa takriban theluthi moja ya paka waliopita miaka 12 uwezo wa kusaga mafuta hupungua, na kwa waliopita 14 takriban mmoja kati ya watano husaga protini vibaya. Mafuta yanayopita bila kufyonzwa hubeba vitamini E pamoja nayo, na vitamini B nazo hupungua. Paka hao wanahitaji chakula kinachosagika kwa urahisi, mara nyingi kwa siku na kwa kiasi kidogo, si chakula cha "wazee" chenye mafuta machache na nguvu kidogo. Lakini kundi hili hupatikana kwa kuondoa mengine yote, na haliwezi kuwa jibu la kwanza.

Damu kwenye ufizi, madoa ya zambarau, kupumua kwa shida

Paka wa ghala akivuja damu bila kuumia, fikiria vitamini K, na ufikirie sumu ya panya. Sumu nyingi za kundi la kuzuia kuganda kwa damu hufanya kazi kwa kuzuia vitamini K isitumike tena mwilini, na kwa kuwa vile vitu vya kugandisha damu vilivyokwisha kutengenezwa hudumu siku chache, dalili huanza kati ya siku ya pili na ya tano, wakati mwenyewe ameshasahau kwamba jirani aliweka sumu. Si lazima paka awe ameila sumu yenyewe. Panya aliyelegea ni rahisi kukamatwa, na sumu imo ndani yake. Vipakiti vinavyouzwa sokoni bila lebo vinaweza kuwa na sumu nyingine kabisa, kwa hiyo hifadhi pakiti au picha yake. Kwa paka mzee ambaye hakugusa sumu, vitamini K hushuka kwa njia nyingine: ini au njia za nyongo zikiziba, mafuta hayafyonzwi, na vitamini zinazosafiri na mafuta, yaani A, D, E na K, hubaki nje. Macho na ufizi wa manjano hutoa dalili ya mapema.

Vitamini K yenyewe haipimwi katika hali hii. Kinachopimwa ni muda wa prothrombini, yaani muda ambao damu huchukua kuganda, kipimo ambacho maabara za hospitali hukifahamu vizuri. Tiba ni vitamini K1, kwa mdomo pamoja na chakula chenye mafuta paka anapoweza kula, au chini ya ngozi. Haipewi ndani ya mshipa kwa sababu inaweza kuleta mshtuko wa ghafla, na sindano za ndani ya msuli na za mshipa mkubwa wa shingo huepukwa hadi damu iweze kuganda. Vitamini K3, inayopatikana katika dawa za kuku, haitoshi kwa kazi hii. Sumu za kizazi kipya hudumu, hivyo tiba huendelea wiki tatu hadi nne, na muda wa prothrombini hurudiwa siku mbili au tatu baada ya kuacha dawa. Wanaoacha mara tu damu inapokoma ndio wanaompoteza paka wiki inayofuata.

Mwili mgumu, au maumivu akiguswa

Dalili hizi mbili huonekana kuwa moja kwa mtazamaji wa haraka. Paka mwenye homa, anayelia akishikwa tumboni au mgongoni, ambaye mafuta ya chini ya ngozi yamekuwa na mabonge, na ambaye amelishwa samaki wenye mafuta mengi, hasa jodari wa mkebe, ana uwezekano wa kukosa vitamini E: mafuta mepesi ya samaki huitumia yote, na mafuta ya mwili yanaungua polepole na kugeuka manjano. Anayegeuza mwili mzima badala ya shingo, asiyeweza kujilamba mgongoni hata manyoya yakajisokota, na ambaye kwa mwaka au miaka amekuwa akila ini la ng'ombe kila siku, ana vitamini A iliyozidi, na mifupa ya shingo imeanza kuungana. Kuacha ini huzuia hali isiendelee. Mifupa iliyokwisha kuungana haitaachana. Kipande kidogo cha ini mara moja kwa wiki hakina shida.

Macho yanabaki mapana na paka anagonga ukuta

Kwa paka kijana anayekula nafaka au krokete za mbwa, shaka ni taurini, ambayo ukosefu wake huua polepole sehemu ya nyuma ya jicho na pia hupanua moyo. Uhusiano huo wa moyo ulitangazwa mwaka 1987 na kundi la Paul Pion huko California, na baada yake viwanda vikaongeza taurini kwenye chakula. Moyo waweza kupona, jicho halirudi. Kwa paka mzee aliyepofuka usiku mmoja, weka vitamini kando kabisa: shinikizo la damu linalotokana na figo au thairoidi ndilo la kupimwa siku hiyo hiyo. Vitamini A ya chini ni nadra kuliko watu wanavyodhani.

Kitoto kinachechemea, mifupa inapinda

Hii karibu kila mara ni nyama tupu isiyo na mfupa, yaani ukosefu wa kalisi (kalsiamu), madini ya mifupa. Kuongeza vitamini D bila kalisi hakusaidii, na kunaweza kudhuru.

Nambari zinapokataa kufanana na paka aliye mbele yako

Sampuli iliyoharibika hutoa jibu la uongo lenye sura ya ukweli. Damu iliyochukuliwa kwa nguvu, chembe zikapasuka na seramu ikawa nyekundu, huinua foleti, kwa sababu chembe nyekundu zimejaa foleti. Paka anayekosa anaweza hivyo kuandikwa kuwa wa kawaida. Damu iliyochukuliwa baada ya chakula huwa na mafuta yanayovuruga mashine, kwa hiyo mwache asile usiku mmoja, isipokuwa kama ni mgonjwa wa sukari au kitoto. Vitamini kadhaa huharibika kwa mwanga, hivyo chupa ifungwe kwa karatasi ya alumini, seramu itenganishwe mapema na igandishwe. Vipimo vya vitamini vya paka kwa kawaida hutumwa nje ya mji, na kwa mahali ambapo umeme hukatika, ni vema kuipeleka seramu siku ile ile ikiwa na barafu kuliko kuiacha kwenye friji inayoyeyuka na kuganda upya.

Kuna vitamini ambazo damu yake haisemi mengi. Retinoli ya damu, yaani vitamini A inayopimwa, hubaki ya kawaida hadi akiba ya ini inapokaribia kuisha, na paka mwenye ini lililojaa A anaweza kuonyesha nambari isiyotisha. Vitamini D hupimwa kwa umbo lake linaloitwa 25-hidroksivitamini D, nayo hushuka kwa paka wenye ugonjwa wa utumbo, limfoma na maambukizi makali. Watafiti wa Edinburgh walionyesha mwaka 2015 kwamba kati ya paka waliolazwa, wenye kiwango cha chini kabisa walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa ndani ya siku 30. Hilo halikuthibitisha kwamba kuwapa vitamini D kungewaokoa, na mimi simshauri mtu kuitoa kwa nambari hiyo peke yake.

Ikiwa shurupu imekwisha kutolewa

Isimamishe, na uisome lebo. Matone ya vitamini D ya watoto wachanga yamekolea, na kijiko kimoja kwa mnyama wa kilo 3 ni dozi ya siku nyingi. Baadhi ya shurupu zimeyeyushwa kwa propilini glikoli, ambayo huharibu chembe nyekundu za paka na ambayo Marekani iliipiga marufuku katika chakula cha paka mwaka 1996. Paka aliyezidishiwa vitamini D hukataa chakula, hutapika, hunywa maji mengi na kukojoa sana, yaani huonekana hasa kama yule mzee wa figo. Omba kalisi, fosfati, urea na kreatinini, na zirudiwe baada ya siku mbili au tatu hata kama za kwanza ni za kawaida, kwa sababu vitamini D hukaa katika mafuta ya mwili na kalisi inaweza kupanda kwa kuchelewa. Paka akiwa na kalisi iliyopanda, alazwe apewe maji ya mshipa, na maziwa yote, ini na krokete zenye nyongeza viondolewe kwenye sahani yake hadi daktari aseme vinginevyo.